Yungiyungi chotara linaloishi bila mzazi wake

Wanafunzi wangu hapa Tabora wakikutana na yungiyungi lenye rangi iliyopauka, si buluu wala si jeupe, hukimbilia neno chotara. Mara nyingi sana hilo ni yungiyungi letu la buluu, Nymphaea nouchali, ambalo rangi yake hutofautiana sana, hata mengine yakakaribia weupe. Rangi ni shahidi dhaifu.

Yungiyungi jeupe, Nymphaea lotus, hufunguka jioni na kujifunga asubuhi, wakati la buluu ndiyo kwanza linaanza kutazama jua. Lakini kupishana kwa saa ni kikwazo kidogo tu. Kikubwa ni kwamba spishi hizo ziko kwenye matawi mawili ya jenasi (kundi la spishi zinazohusiana) yaliyoachana zamani, na kuzizalisha pamoja ni kazi ngumu hata kwa mtaalamu wa bustani.

Hata hivyo, maumbile ya ua lenyewe yanaalika chavua ya nje. Siku ya kwanza ua la buluu huwa jike: katikati yake kuna kikombe cha majimaji. Mdudu mwenye chavua akiteleza humo, chavua husafika mwilini mwake na kubaki kwenye stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua. Mdudu mwenyewe huweza kufa maji. Kuanzia siku ya pili stameni, sehemu za kiume, hukomaa na kumwaga chavua, na kikombe hakipokei tena. Hivyo ua haliwezi kujichavusha kirahisi. Chavua lazima itoke kwingine, na haiji na kitambulisho cha spishi.

Mfano ninaoupenda kufundishia hauko kwetu. Ni Nuphar × spenneriana, chotara wa asili wa Ulaya, wa jenasi ya mayungiyungi ya manjano ambayo Tanzania hatuna. Mzazi mmoja ni Nuphar lutea, mkubwa, wa maji ya tambarare, mwenye ua linalonukia kama pombe kali. Mwingine ni Nuphar pumila, mdogo, wa maziwa ya baridi. Wote wana kromosomu 34, kwa hiyo ungetarajia mtoto asiwe na shida. Lakini sehemu kubwa ya chavua yake huwa na kasoro, ingawa si tasa kabisa. Kisahani cha stigma nacho kiko katikati: cha lutea kina ukingo laini wa mviringo, cha pumila kimekatikakatika, cha chotara kina mawimbi hafifu.

Kaskazini mwa Uingereza, katika ziwa dogo la Chartners Lough, Northumberland, chotara huyu yupo lakini pumila hayupo. Mwaka 1953 mtaalamu wa mimea Yolande Heslop-Harrison alimwelezea chotara huyo kama masalia ya zamani. Hapa ndipo biolojia yake inaponivutia. Mmea wenye mbegu chache unawezaje kumzidi umri mzazi wake? Hauhitaji mbegu. Shina nene hutambaa ndani ya matope, hujigawa, kila kipande kikawa mmea kamili. Anayekuta chotara kama huyo anasoma historia ya ziwa: pumila aliwahi kufika huko.

Upande wa pili si mzuri. Pale chotara anapozaa kidogo na kuzaliana tena na lutea, pumila iliyo chache humezwa polepole. Mimi simlaumu chotara. Mara nyingi mtu ndiye aliyebadilisha maji kwanza.

Je, chotara wa asili wanaweza kuwepo kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingia mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa? Siwezi kukataa, ila picha ya simu haitoshi. Ukipita Ziwa Sagara ukaona ua linalokutatiza, angalia saa lilipofunguka na ukingo wa jani lake: wa lotus una meno makali. Kisha chukua stameni za ua la siku ya pili, kwa sababu la siku ya kwanza halijamwaga chavua, uzikaushe kwenye karatasi. Chavua ikiwa imejaa vizuri chini ya hadubini, dai la uchotara linapungua nguvu. Ikiwa nyingi ni maganda matupu, hapo tutafute maabara ya vinasaba.