"Set" si bingwa tena

Juzi hapa Kondele, Kisumu, mtoto wa jirani alinisomea daftari lake: neno la Kiingereza lenye maana nyingi zaidi ni "set". Sisi pia tulifundishwa hivyo, na mwaka 1989 ilikuwa kweli, kamusi kubwa ya Oxford ilipokipa kitenzi hicho maana 430 hivi. Lakini kamusi hiyo haikukomea hapo. Wahariri waliendelea kuipitia, na mwaka 2011 kitenzi "run" kikafikia maana 645. Mashine zimechangia sana: injini ikinguruma, programu ikifanya kazi, Kiingereza hutumia neno hilo hilo, na hata pua ikitoa kamasi. Aliyezoea "piga" ataelewa upesi: twapiga pasi, simu, kura, magoti.