Kikombe cha karatasi si karatasi: tunavyodanganyana kuhusu kahawa ya kubeba hapa Mwanza

Asubuhi moja baada ya mvua ya vuli nilisimama ukingoni mwa Mto Mirongo nikitazama maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiteremka kwa kasi. Yalibeba chupa, ndala zilizokatika, magunzi ya mahindi na vifuniko vyeupe vya vikombe vya kahawa, vinaelea kama visahani. Vifuniko vile nilivitambua mara moja, maana ni aina tunayonunua sisi kwa boksi. Mirongo hauna safari ndefu. Ukishapita Mabatini na Mlango Mmoja, unamwaga ziwani, na ziwani ndiko tunakovuta maji ya bomba na kuvua sato.

Mimi na mwenzangu tunaendesha mgahawa mdogo wa kahawa mjini, si mbali na kivuko cha Kamanga. Tangu siku ile nimebishana sana na wateja, na wafanyakazi wetu, na wauza kahawa wenzangu, na nafsi yangu pia. Hoja zilizorudi mara nyingi nimeziandika hapa, kwa sababu nyingi nilikuwa naziamini mwenyewe.

"Si ni karatasi tu? Itaoza."

Loweka kikombe kimoja kwenye beseni usiku kucha, asubuhi ukichambue kwa kucha. Karatasi itamomonyoka, na mkononi utabaki na utando mwembamba unaong'aa. Huo ni polithini, jamii ya plastiki iliyotengeneza mifuko tuliyoipiga marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Uzito wake ni kama asilimia 5 tu ya kikombe, lakini bila utando huo kahawa ingepenya na kikombe kingelainika mkononi kabla hujafika Makoroboi. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, unadai vikombe vya namna hii vichapwe alama ya kumtahadharisha mnunuzi kwamba ndani mna plastiki. Alama yenyewe ina mchoro wa kasa. Hapa kwetu kikombe hichohicho tunakiita cha karatasi na roho zetu zinatulia.

Karatasi ikishaoza, utando haupotei. Unakatika vipande, vipande vinakuwa chembe, na chembe zinaingia kinywani mwa samaki. Watafiti walinunua sangara na sato sokoni hapahapa Mwanza, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 walithibitisha plastiki tumboni mwa samaki mmoja kati ya kila watano, kwa aina zote mbili. Polithini ilikuwamo katika orodha ya plastiki walizozitambua. Sisemi kwamba ilitoka kwenye vikombe vya kahawa. Mifuko, nyavu na vifungashio vya kila namna vinaingia ziwani. Ila siwezi tena kuuza kikombe nikisema hakihusiki.

Na kuna jambo linalomgusa mnywaji mwenyewe. Watafiti wa India, katika chuo cha teknolojia cha Kharagpur, walimimina maji ya moto ya nyuzi 85 hadi 90 kwenye vikombe vya karatasi na kuyaacha kwa dakika 15. Katika kila mililita 100 walihesabu chembe za plastiki kama 25,000. Dakika 15 ndio muda wa mtu anayeinywa kahawa yake polepole akisubiri kivuko.

"Waokota makopo watavichukua."

Hawavichukui, na wana sababu. Mwokota makopo analipwa kwa kilo: chupa za maji, chuma chakavu, maboksi. Kikombe ni chepesi, kimelowa maziwa, na karatasi yake imegandamana na plastiki kiasi kwamba kiwanda cha kawaida cha karatasi hakiwezi kuvitenganisha. Uingereza wana mitambo na magari ya taka ambayo sisi hatuna, lakini kamati ya Bunge lao iliripoti Januari 2018 kwamba wanatupa vikombe bilioni 2.5 kwa mwaka, na kinachorejelezwa hakifiki kimoja katika kila 400. Vya kwetu vikibahatika vinafika dampo la Buhongwa. Visipobahatika, mvua inaijua njia.

"Basi tununue vile vinavyooza vyenyewe."

Hii ndiyo iliyotugharimu fedha. Tuliagiza vikombe vilivyoandikwa kwamba vinaoza, vyenye utando wa plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi. Bei ilikuwa juu, tukaona ni sadaka kwa ziwa. Kilichoandikwa kwa herufi ndogo ni kwamba huoza katika mtambo maalumu wa mboji unaotunza joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa. Maji ya ziwa letu yapo nyuzi 25 hivi. Rundo la maganda nyuma ya nyumba halipati moto huo wala halidumu nao. Kikombe hicho kikianguka Mirongo kinakuwa plastiki kama wenzake, tofauti ni kwamba aliyekitupa alikuwa na amani zaidi moyoni.

"Cha kuosha ni uchafu, cha kutupa ni usafi."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hofu hii ina msingi. Sisi watu wa kando ya ziwa kipindupindu hatukisomi magazetini tu. Mama akikataa kikombe kilichonywewa na mtu mwingine, simcheki.

Lakini tuitazame hofu yenyewe. Kikombe cha karatasi hakijatoka kwenye dawa. Kimetoka kwenye boksi lililokaa stoo, kikachomolewa kwenye safu na vidole vilivyotoka kupokea noti. Usafi wake tunaudhani kwa sababu ni kipya. Wakati wa korona migahawa mingi duniani ilikataa vikombe vya wateja, na Juni 2020 wataalamu wa afya zaidi ya 100 walitia saini tamko kwamba vyombo vya kutumika tena ni salama, mradi kanuni za kawaida za usafi zifuatwe.

Kanuni hizo hazidai mashine. Sisi tuna mabeseni matatu. La kwanza lina maji ya moto na sabuni, na kikombe kinasuguliwa ndani, mdomoni na mkononi mwake. La pili ni la kusuuza. La tatu lina maji yenye klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kisha kikombe kinafudikizwa kwenye kichanja kikauke kwa hewa. Hapo mwisho ndipo wengi tunapoharibu: tunachukua kitambaa kimoja, kilekile kilichofuta meza, na kukikaushia vikombe vyote. Heri kikombe kilichokauka chenyewe kuliko kilichofutwa na kitambaa cha asubuhi nzima.

Ninaposema hivi nawakumbuka wazee wa vijiweni. Muuza kahawa mwenye dele lake juu ya mkaa, na kashata za karanga kwenye sinia, hajawahi kuhitaji kikombe cha kutupa maishani mwake. Vikombe vyake vidogo vya kauri vinazunguka kutoka mkono hadi mkono tangu alfajiri. Tatizo la kijiwe si vikombe, ni ile ndoo moja ya maji inayosuuza vikombe vyote bila kubadilishwa. Nilimwambia mzee mmoja ninayemwamkia kila siku, "Shikamoo mzee, ukiongeza ndoo ya pili yenye sabuni, na haya maji ukayamwaga mara kwa mara, mimi nitakuletea wateja wangu." Akaniuliza mbona mimi mwenye bomba dukani nauza kahawa kwenye makaratasi. Sikuwa na jibu, na nilirudi dukani nikiwa nimenyamaza.

Kwa mteja anayekuja na kikombe chake mwenyewe, hatukishiki kwa ndani wala birika la maziwa haligusi mdomo wake. Anakiweka kwenye sinia, tunamimina kwa juu, anakichukua. Kikiwa kichafu tunamwambia kwa heshima, "Dada, naomba nikisuuze kwanza," na sijaona aliyekasirika.

"Kuosha kunamaliza maji na kuni, afadhali kutupa."

Mkemia Martin Hocking, wa Chuo Kikuu cha Victoria kule Canada, alilipigia hesabu jambo hili mwaka 1994. Alijumlisha nishati ya kutengeneza kikombe cha kauri na ya kukiosha kwa mashine, akapata kwamba kinalingana na vikombe vya karatasi baada ya kutumika kama mara 39. Cha kioo kilihitaji mara 15 tu. Kikombe cha kauri mgahawani, kikinywewa mara tano kwa siku, kinamaliza deni lake ndani ya siku nane, na kikiangaliwa vizuri kitadumu miaka.

Sitaficha upande wa pili: kikilinganishwa na kikombe chepesi cha povu, cha kauri kilihitaji kutumika zaidi ya mara 1,000. Kwa nishati peke yake, povu linashinda kwa muda mrefu. Lakini povu ni plastiki inayomeguka kuwa punje nyeupe, na punje hizo tunaziona zimenasa kwenye gugumaji ufukweni, pale dagaa wanapoanikwa. Kipimo cha nishati hakiwezi kusimama peke yake mahali ambapo taka zinaishia kwenye maji ya kunywa.

"Mpe punguzo anayeleta kikombe chake, wengine watafuata."

Niliiamini hii kuliko zote. Tuliandika ubao, tukatoa punguzo, na wakaja walewale waliokuwa wakija na vikombe vyao tangu zamani. Baadaye ndipo niliposoma matokeo ya Wouter Poortinga wa Chuo Kikuu cha Cardiff, aliyoyatoa mwaka 2017 baada ya majaribio katika migahawa ya vyuo na maofisi. Punguzo halikubadilisha tabia. Kikombe cha kutupa kilipowekewa bei yake, matumizi ya vikombe vya kurudiwa yalipanda kwa asilimia 3.4. Hatua zote zilipounganishwa, na watu wakapewa na kikombe cha kuanzia, yalipanda kwa hadi asilimia 12.5. Mtu hakimbilii shilingi 200 anayoipata kama anavyoikwepa shilingi 200 inayomtoka.

Kwa hiyo bei ya kikombe tumeitoa ndani ya bei ya kahawa, tukaiandika peke yake. Kahawa bei yake hii, kikombe cha kutupa bei yake hii. Anayekunywa kwenye kauri halipi zaidi. Na mwenye duka apige hesabu yake pia. Kikombe na kifuniko vikimgharimu shilingi 250, akauza kahawa 60 za kubeba kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 390,000 zinazokwenda jalalani. Weka bei ya kwako uone.

Kwa wanaobeba, tunatumia njia ambayo kila mtoto wa Igoma anaijua. Akitumwa soda ya chupa dukani anakwenda na chupa tupu, asipokuwa nayo anaacha hela ya chupa. Sisi tuna vikombe vya plastiki ngumu vyenye vifuniko: unaacha shilingi 3,000, ukirudisha unapewa hela yako palepale, bila maswali na bila kuandikishwa jina. Freiburg nchini Ujerumani walianza hivyo Novemba 2016 kwa yuro 1. Killarney, mji wa Ireland ulio kando ya maziwa kama sisi, migahawa yake iliungana Julai 2023 kuacha vikombe vya kutupa, na amana ni yuro 2. Wao waliungana mji mzima, kikombe cha mgahawa mmoja kinapokelewa na mwingine. Sisi bado tuko wachache, na hilo ndilo ninalowaomba wenzangu wa katikati ya mji tulizungumze.

"Vilivyotumika si hasara, vinawashia mkaa."

Vinawasha haraka kwa sababu ya plastiki. Moshi ule unaingia kifuani kwa anayepuliza jiko, na mara nyingi huyo ni mama mwenye mtoto mgongoni. Kifuniko ndicho kibaya zaidi, kinatoa moshi mweusi wenye masizi. Tafadhali tusivitoe bure kwa ajili hiyo. Sisi tuliwahi kuvitoa.

"Wateja wetu wote wana haraka."

Nilifikiri hivyo mpaka siku moja nilipoacha kaunta, nikakaa kwenye kona na kuwatazama tu. Watu waliopewa vikombe vya karatasi walivuta viti. Wakafungua simu, wakapiga soga, wakanywa mpaka tone la mwisho, wakaondoka na kikombe kimebaki mezani. Tuliwapa cha kutupa kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mashine. Hatukuwa tumewauliza.

Sasa vikombe vya kauri ndivyo vinakaa juu ya mashine, vinapata joto, na vya karatasi vimehamia chini ya kaunta. Neno la kwanza la mfanyakazi wetu baada ya salamu ni, "Unakaa, kaka?" Wengi wanakaa. Badiliko hilo halikutugharimu hata senti, na ndilo lililopunguza vikombe kuliko punguzo, ubao na matangazo yote tuliyowahi kuweka.

Anayetushinda bado ni abiria wa Kamanga. King'ora kinalia, mkononi ana mzigo, hajui atarudi Mwanza kesho au mwisho wa mwezi, na hawezi kuacha shilingi 3,000 kwa kikombe atakachokibeba hadi Sengerema. Huyo tunampa cha karatasi bila kifuniko, tunakijaza pungufu kisimmwagikie. Wiki hii nimeongea na mama anayeuza chai upande wa pili, kule abiria huyo anakoteremkia. Amesema tukimpelekea boksi, atapokea vikombe vyetu na kurudisha hela za watu, nasi tumlipe jioni kivuko kinaporudi.