Kwa nini SSD isiyo mbovu hupungua kasi ukiweka Windows na Ubuntu pamoja?

Mpwa wangu alirudi Mtwara likizo ya Desemba na laptopu iliyomchosha. Ndani yake mna SSD moja ya SATA ya GB 256, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, nusu kubwa ikiwa ya Windows na kipande kingine cha Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux anaoutumia kwa masomo ya programu. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa ikiwaka hata chai hujaimimina. Sasa ukifungua folda unasubiri, ukihifadhi kazi unasubiri.

"Mjomba, fundi kasema diski imekufa, ninunue nyingine."

Tukakaa kibarazani, huku Shangani upepo wa bahari unapofika, nikamwambia anakili video moja ya GB 6 kutoka folda hadi folda, tuangalie tu. Mwanzo namba ilisoma MB 230 kwa sekunde. Video haijafika hata theluthi, namba ikaporomoka mpaka 35 na kugandia hapo hadi mwisho.

Diski inayokufa kwa kawaida haina tabia hiyo. Hiyo hugoma kusoma faili, hutoa makosa, au hupotea kabisa laptopu ikiwa inawaka. Tuliendesha smartctl, programu inayosoma rekodi ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, na haikuonyesha sekta hata moja mbovu. SSD ya kijana ilikuwa nzima. Ilikuwa imebeba takataka ambazo hakuna aliyeiambia kuwa ni takataka, na mifumo miwili kukaa pamoja ndiko kulikofanya jambo hilo litokee bila mtu kuona.

Seli za SSD, yaani vijumba vidogo vinavyobeba data, hupangwa katika kurasa, kila ukurasa ukibeba kwa kawaida kati ya KB 4 na KB 16, na mamia ya kurasa hukusanywa katika kitalu kimoja cha MB kadhaa. Sheria ya chipu hizi ni ngumu. Unaweza kuandika ukurasa mmoja mmoja, lakini huwezi kufuta ukurasa mmoja: kinafutwa kitalu kizima kwa mpigo. Na ukurasa uliokwisha andikwa hauandikwi tena mpaka kitalu chake kifutwe.

Sisi wa Kusini tuna mfano wake karibu. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu hupita kwenye stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, mzigo unaingia ghalani, yeye anabaki na karatasi yake akisubiri mnada. Chukua ghala ambalo gunia huingizwa moja moja, lakini chumba kikishajaa hakiwezi kupokea mzigo mpya mpaka magunia yote yatolewe na chumba kifagiwe. Mtunza ghala akiishiwa nafasi, inabidi achague chumba chenye magunia machache yanayohitajika, ayahamishie kwingine, ndipo afagie. Sasa mwenye mali kauza magunia arobaini, kayafuta kwenye daftari lake nyumbani, ila hakumwambia mtunza ghala. Mtunza ghala ataendelea kuyalinda na kuyabeba kutoka chumba hadi chumba kama mali hai. Jasho lote hilo ni kwa ajili ya magunia yasiyo na mwenyewe.

Ndivyo inavyokuwa ukifuta faili. Mfumo endeshi hufuta jina kwenye orodha yake, lakini kontrola, chipu inayoisimamia SSD na ndiyo mtunza ghala wetu, haisomi orodha hiyo. Haijui faili wala folda. Kwa hiyo ikabuniwa amri iitwayo TRIM, ambayo mfumo huituma kusema: kurasa hizi si zangu tena, zifute kwa wakati wako. Windows 7 ya mwaka 2009 ilikuja nayo, na kerneli, yaani kiini cha Linux, ikaipata katika toleo la 2.6.33 la mwaka 2010.

Kwenye laptopu yenye mfumo mmoja habari ingeishia hapo, maana kazi hufanyika yenyewe. Yenye miwili ina ghala moja na wenye mali wawili, na kila mmoja huzungumzia mali yake tu. Isitoshe, tabia zao zinatofautiana. Windows hutuma TRIM papo hapo unapofuta faili, na mara moja kwa wiki hurudia kwa sehemu yake yote ya diski. Ubuntu yenye ext4, mpangilio wa faili wa kawaida wa Linux, kwa kawaida hukaa kimya ukifuta, halafu huzungumza yote kwa mkupuo mara moja kwa wiki kupitia kipima muda kiitwacho fstrim.timer. Siku ya zamu ikipita laptopu ikiwa imezimwa au iko Windows, kazi hiyo hungoja Ubuntu ifunguliwe tena, na katika matoleo mengi ya sasa haianzi palepale: inaweza kucheleweshwa hata zaidi ya saa moja. Mpwa wangu hufungua Ubuntu nusu saa, anamaliza zoezi, anazima. Tulipoangalia rekodi kwa journalctl -u fstrim, mara ya mwisho kazi hiyo kufanyika ilikuwa miezi minne nyuma.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa jingine, na hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi wenye mifumo miwili wanalo. Kabla ya Ubuntu, kijana alikuwa amejaribu Linux ya aina nyingine. Alipoichoka aliiondoa kwa kufuta partisheni yake tu, yaani kipande cha diski ilichotengewa. Katikati ya diski pakabaki GB 58 zisizo za Windows wala za Ubuntu. Kwa macho ya mtu, hilo ni eneo tupu. Kwa kontrola, ni GB 58 za data ya kulindwa, kwa kuwa kufuta partisheni hubadilisha jedwali dogo la mipaka na mara nyingi hakutumi TRIM hata moja. Mwenye magunia amehama mji na hakuaga. Upande wa Windows nao ulikuwa umejaa asilimia 93. Kwa hesabu ya kontrola, ghala zima lilikuwa limefurika.

Hapo ndipo ile namba ya 230 kushuka hadi 35 inapoeleweka. SSD nyingi za bei ya kawaida hubana biti tatu au nne katika seli moja, na uandishi wa namna hiyo ni wa polepole. Ili zisikuchoshe, hutenga sehemu ambapo kila seli hupokea biti moja tu, haraka haraka, kisha baadaye wewe ukiwa umetulia huhamisha na kubana. Ni kama uwanja ulio mbele ya ghala: lori linashusha upesi, upangaji ndani utafuata. Katika SSD nyingi uwanja huo hutolewa kwenye nafasi iliyo wazi, hivyo diski ikijaa, uwanja hupungua. Video ya GB 6 iliujaza mapema, na kutoka hapo kila gunia likawa linasubiri chumba kihamishwe kwanza.

Tiba ilichukua chini ya saa moja. Tulianza kwa kunakili kazi zake zote kwenye diski ya nje, na hapa naomba usiruke. TRIM haidhuru faili zilizopo, lakini faili uliyoifuta kwa bahati mbaya, ikishapitiwa na TRIM, programu za kurejesha faili kwa kawaida haziipati tena. Kama kuna picha za harusi unazitafuta, zitafute kwanza.

Halafu kwenye terminali ya Ubuntu, dirisha la kuandikia amri, tukaandika lsblk --discard. Safu za DISC-GRAN na DISC-MAX zikiwa na sifuri, TRIM haipiti kabisa. Hilo hutokea sana kwa SSD iliyowekwa kwenye kasha la USB. Zetu zilikuwa na namba. Tukaendesha sudo fstrim -av, ikajibu kwamba imepitia GB kadhaa. Usidanganywe na jibu hilo: kwenye ext4, mara ya kwanza baada ya kuwasha laptopu, fstrim hutaja nafasi yote iliyo wazi, hata ile iliyokwisha pitiwa wiki iliyopita. Hiyo namba haipimi uchafu.

Kwa zile GB 58 tulitengeneza partisheni mpya ya ext4 mahali pale pale. Amri ya mkfs.ext4, kabla ya kujenga chochote, huitangazia diski kwamba vitalu vyote vya eneo lile havina mali, na mstari unaosema hivyo huonekana kwenye skrini. Kijana aliuona ukipita, akaniuliza, "Kumbe ndiyo hiyo tu?" Ndiyo hiyo tu.

Upande wa Windows tulirudi Windows yenyewe. Usijaribu kuusafisha kutoka Ubuntu, kwa sababu Windows ikiwa imewekewa kuwaka haraka, ukizima haijifungi kabisa bali hulala nusu, na partisheni yake haifai kuguswa na mfumo mwingine. Kwenye dirisha la amri la msimamizi, fsutil behavior query DisableDeleteNotify inapaswa kujibu 0, maana yake TRIM imewashwa. Kisha defrag C: /L, ambayo licha ya jina lake haipangi upya faili: hutuma TRIM kwa nafasi yote iliyo wazi. Tukahamisha na tamthilia zake kwenye diski ya nje mpaka Windows ikabaki na GB 30 huru, tukaiacha laptopu ikiwaka kwenye chaja bila kuguswa hadi tulipomaliza kula. Muda huo wa kutulia kontrola huutumia kufagia vyumba. Anayezima laptopu sekunde anayomaliza kazi kila siku, kwa kuhofia umeme kukatika, huinyima diski yake nafasi hiyo.

Jambo jingine la pwani yetu ni joto. SSD, hasa zile ndogo za NVMe zilizo kama kipande cha biskuti, hujipunguza kasi zenyewe zikikaribia nyuzijoto 70 au 80, na Desemba ya Mtwara ukiweka laptopu juu ya godoro umeziba njia ya hewa. Ikiwa kasi inashuka baada ya robo saa na kurudi laptopu ikipoa, anzia hapo kabla ya kugusa amri yoyote.

Jioni ile tulinakili tena ile video ya GB 6. Ilianza kwa 230, ikashuka hadi 190 karibu na mwisho, ikamaliza. Sasa kila Jumamosi anawasha Ubuntu, anaandika sudo fstrim -av kabla ya kufungua zoezi lake, na fedha ya diski mpya kanunulia RAM.