Sikio Ndani ya Chemba ya Oksijeni: Usisubiri Liume

Anayetibiwa kwa oksijeni kwenye chemba, yaani chumba kilichofungwa ambamo shinikizo la hewa hupandishwa, tuseme kwa kidonda cha kisukari kilichogoma kupona, huwekwa kwenye shinikizo la mara 2 hadi 2.5 ya lile la kawaida. Madhara yanayotokea zaidi ni ya sikio la kati, na karibu yote huanza wakati shinikizo linapopandishwa.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna hewa inayoingia kupitia mrija mwembamba utokao nyuma ya pua. Shinikizo la nje likipanda na mrija ukabaki umefunga, kiwambo huvutwa ndani, mishipa midogo huvimba, majimaji au damu hujaa, na mwishowe kiwambo huweza kupasuka. Tofauti kati ya shinikizo la nje na la ndani ya sikio ikifika takriban milimita 90 za zebaki, mrija hujibana kiasi kwamba kumeza mate hakuufungui tena. Hiyo ni kama asilimia 12 tu juu ya shinikizo la kawaida, yaani bado mko mwanzoni kabisa.

Kwa hiyo anza kabla ya maumivu, na rudia kila baada ya sekunde chache: meza mate, piga miayo, chezesha taya. Isipotosha, bana pua umeze. Njia ya mwisho ni kubana pua, kufunga mdomo na kupuliza taratibu. Usikaze: nguvu hiyo inaweza kupasua utando wa sikio la ndani, ukabaki na kizunguzungu, mvumo na usikivu uliopungua.

Sikio likigoma, inua mkono. Wengi hunyamaza kwa kuona haya kumsumbua mhudumu, ilhali kazi yake ni kusimamisha, kushusha kidogo, kisha kujaribu tena polepole. Mwenye mafua aseme kabla ya kuingia. Huenda siku hiyo ikaahirishwa. Asiyejitambua huweza kuwekewa vijirija kwenye kiwambo.

Shinikizo linaposhushwa, pumua kawaida, usibane pua wala kuzuia pumzi. Sikio likiziba saa kadhaa baadaye, mara nyingi ni oksijeni iliyobaki ndani inayofyonzwa na mwili; meza mate na upige miayo.

Damu sikioni, kizunguzungu au usikivu kupungua ghafla: muone daktari siku hiyohiyo. Mpaka akuchunguze, usiingize maji, pamba wala dawa ya matone uliyojinunulia.