Je, Wajua Kwa Nini Baadhi ya Misemo ya Kiingereza Hukera Masikio?

Mkazi wa Nairobi hahitaji kusafiri hadi Uingereza ili achoshwe na Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili, na mfanyakazi wa ofisi za Upper Hill au Westlands huweza kukisikia tangu mkutano wa asubuhi hadi taarifa ya habari ya usiku. Pamoja nacho husikia misemo ile ile: "at the end of the day" kwa msemaji anayetaka kufikia hitimisho, "basically" kwa anayerahisisha jambo ambalo tayari ni rahisi, "going forward" kwa meneja anayezungumzia siku zijazo, na "no stone unturned" kwa afisa anayeahidi uchunguzi wa kina. Hakuna hata mmoja kati ya misemo hiyo wenye kosa la sarufi, wala hakuna ulio tusi. Kwa nini basi inakera, na kwa nini wanaoitumia hawaiachi?

Wenye lugha yao wamewahi kuulizwa. Mwaka 2004, Plain English Campaign, shirika la Uingereza ambalo tangu mwaka 1979 limekuwa likipigania lugha nyepesi katika nyaraka za umma, liliwataka wafuasi wake katika nchi zaidi ya 70 wataje msemo unaowaudhi kupita yote, na "at the end of the day" ukaongoza. Mwaka 2009 Chuo cha Marist, kilichoko katika jimbo la New York, kiliwauliza Wamarekani swali kama hilo: asilimia 47 walilitaja neno "whatever", asilimia 25 wakataja "you know", na ule msemo uliowaudhi wafuasi wa shirika la Uingereza ukaambulia asilimia 2 tu. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na namna ya kuuliza, kwani Marist waliwapa watu orodha fupi ya kuchagua, ilhali wafuasi wa shirika la Uingereza ni watu ambao tayari wana wivu na lugha yao. Hata hivyo, pengo kubwa kiasi hicho linaonyesha kwamba kero haikai ndani ya msemo wenyewe. "Whatever" likitolewa kama jibu kamili humwarifu mwenzako kwamba hoja yake haistahili kujibiwa. Kinachouma ni dharau.

Ili kuelewa misemo mingine, ambayo haina dharau yoyote, ni lazima kwanza kuangalia hali ya msemaji. Kuzungumza ni kazi ya haraka, kwa sababu mtu huchagua maneno, huyapanga na kuyatamka huku akiwa tayari anaitafuta sentensi inayofuata. Wanasaikolojia wa lugha Herbert Clark na Jean Fox Tree walichapisha mwaka 2002 utafiti ulioonyesha kwamba hata miguno ya kusitasita ina kazi yake katika Kiingereza: "uh" hutangulia kimya kifupi na "um" kimya kirefu zaidi, hivyo msikilizaji hujua kwamba zamu ya mwenzake bado haijaisha. Misemo ya mazoea hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, ila kwa heshima zaidi. Anayesema "at the end of the day" hujipatia muda mfupi wa kufikiri bila kunyang'anywa zamu, kama vile sisi tunavyojipatia muda kwa "yaani", "unajua" na "kwa hivyo". Shida ni kwamba msikilizaji hakuuhitaji muda huo. Akishasikia maneno mawili ya mwanzo huwa amekwisha kujua msemo utaishia wapi, na hulazimika kungoja ufike. Faida ni ya mmoja na gharama ni ya mwingine, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha jambo lote: msemaji hawezi kuhisi uzito wa kitu kinachompunguzia mzigo.

Sababu nyingine imo katika maana. Wanaisimu husema kwamba maana hupauka, yaani neno lenye nguvu likitumiwa kila mara kusisitiza mambo madogo, nguvu yake hupungua hadi likabaki mkazo mtupu. "Very" lilitokana na neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha kweli, lakini leo hakuna anayesikia ukweli wowote ndani yake. "Awful" lilihusu jambo la kutisha na la kumnyenyekeza mtu. Siku hizi linaitosha hata chai iliyopoa. Linalolalamikiwa zaidi ni "literally", ambalo kwa kawaida humtaka msikilizaji achukue maneno kama yalivyo, bila tamathali yoyote, ilhali utalisikia kwa mtu anayedai kwamba amekufa kwa kicheko huku bado anaendelea kuzungumza. Mwaka 2013 iliposambaa habari kwamba Kamusi ya Oxford inayatambua matumizi hayo, wapo walioona kwamba lugha imekwisha kuharibika, ingawa kamusi hiyo hiyo inaonyesha kwamba yalikuwapo tangu mwaka 1769. Kijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, haoni ajabu katika hayo. Katika Sheng, lugha ya mtaani ya vijana, "noma" ni balaa na pia ni sifa, wimbo mzuri huwa "kali", na neno la kusifu likishadakwa na matangazo ya biashara, vijana wa mtaani hutafuta jingine.

Nairobi, na Kenya kwa jumla, ina sababu yake ya ziada, nayo ni shule. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, uliwatahini watoto kwa insha za Kiingereza na za Kiswahili, na mwanafunzi aliyejiandaa aliingia katika chumba cha mtihani akiwa na akiba ya misemo aliyoikariri. Jua lilikuwa liking'aa na ndege wakiimba, hata kama kisa chenyewe kilihusu mafuriko. Mhusika alikuwa "as fit as a fiddle" ingawa mwandishi hakuwahi kuiona fidla, na akikimbia alikimbia "as fast as my legs could carry me". Katika insha ya Kiswahili alirauka alfajiri ya Mungu na kushika njia guu mosi guu pili. Pambo la namna hiyo lilisifiwa, na mtoto akaelewa kwamba msemo uliokaririwa ni ushahidi wa elimu. Mtu huyo huyo akiajiriwa, kila baruapepe yake itaanza kwa "I hope this email finds you well" na kila ombi litatanguliwa na "kindly". Anayemwita mvivu wa kufikiri anamwonea, kwa kuwa alifundishwa hivyo na akapewa alama. (Kiswahili nacho hakijasalimika: redioni "mwisho wa siku" hutajwa asubuhi na mapema na watu ambao hawazungumzii jioni wala kiyama.)

Masikio nayo hudanganya. Mwanaisimu Arnold Zwicky alieleza mwaka 2005 njozi mbili: mtu akishalitambua neno hudhani linatumika kila mahali, na kwa kuwa yeye amelitambua sasa, hudhani pia kwamba limezuka sasa. Aliyeudhiwa Jumatatu na "like" inayochomekwa ovyo katikati ya sentensi atalihesabu wiki nzima, huku maneno mengine yanayojirudia vivyo hivyo yakimpita. Tena lawama hazigawanywi kwa haki. "Like" ya msichana wa chuo kikuu hukemewa hadharani, ilhali "going forward" ya mkurugenzi huandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Mimi ningeanza na mkurugenzi, kwa sababu "like" haimdhuru mtu, ila ahadi ya kulishughulikia jambo "going forward" haina tarehe wala mtu wa kuulizwa. Afisa asiyeacha jiwe lolote bila kuligeuza naye hasemi ni lini ataanza na jiwe la kwanza.

Upo msemo mmoja wa sherehe zetu ambao ningeutetea ijapokuwa umechakaa kuliko yote, nao ni "all protocols observed". Katika hafla za Kenya msemaji hutarajiwa kuwatambua wageni kwa vyeo, kuanzia gavana, seneta na mbunge hadi chifu na wazee wa mtaa, na akimsahau mmoja amezua uhasama. Maneno hayo matatu hutangaza kwamba kila mtu amekwisha kuheshimiwa, na huwaokoa watu waliokaa chini ya hema tangu asubuhi. Kero huanza pale msemaji anapoyatamka, akapigiwa makofi, kisha akageukia jukwaa kuu na kuanza kumtaja gavana.