Paka sita, visahani sita: maswali ninayoulizwa kuhusu kufuga paka wengi nyumbani

Nyumbani kwangu Tanga kuna paka sita. Watatu niliwachukua kwa hiari yangu, wawili walizaliwa humu humu kabla sijajua kwamba paka naye hufungwa kizazi, na mmoja aliachwa mlangoni usiku ndani ya kiroba. Majirani wakija kukaa barazani huuliza, na ndugu hupiga simu. Haya ndiyo maswali yanayorudi mara nyingi. Majibu nimeyapata kwa madaktari wa mifugo waliowatibu paka hawa na kwa kusoma, na mengine niliyajua nikiwa nimeshachelewa.

Kwa nini kila paka ana kisahani chake? Si uwamwagie kwenye sinia moja wale pamoja?

Nilifanya hivyo kwa miaka miwili. Sinia la bati, ugali na dagaa, vichwa vyote vimeinama, nami naingia ndani roho imetulia. Sikuona kwamba jike mmoja mwenye madoa alikuwa anakuja, ananusa, anarudi nyuma na kukaa kando ya mtungi anajilamba. Sinia lilikuwa tupu kila jioni, basi nikaamini wote wameshiba. Siku niliyompakata, mifupa ya mgongo wake ilihesabika kidoleni kama tasbihi. Nilipomfungua mdomo, fizi zilikuwa nyekundu, zinanuka, na jino moja limeoza. Alikuwa na njaa wiki nyingi, ila kutafuna kulimuuma.

Paka huficha maumivu. Mara nyingi dalili ya kwanza utakayoiona ni kuacha chakula, na kwenye sinia la pamoja dalili hiyo haionekani kabisa, kwa sababu wenzake wanamalizia. Asiyekula kutwa nzima mwangalie kwa makini. Zikifika siku mbili mpeleke kwa daktari, hasa akiwa mnene, kwani paka mnene akikaa bila kula mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa.

Kwangu mmoja hula jikoni, mmoja juu ya meza ya ukumbini, wawili barazani kila mtu kona yake, na waliobaki uani. Paka kwa asili huwinda peke yake na hula peke yake. Akila huku mwenziwe anamtazama ama hubugia akatapika, ama huondoka akamwachia mbabe. Baada ya dakika 20 nakusanya visahani na kutazama nani kabakisha. Watu wazima nawalisha asubuhi na jioni, watoto mara tatu au nne kwa siku.

Mbona paka wa bibi zetu walikula makombo na wakaishi?

Walikula makombo, na panya, na mijusi, na ndege. Chakula chao hasa kilikuwa yule panya. Paka ni mla nyama wa lazima. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, na kirutubisho hicho kinapatikana kwenye nyama, samaki na hasa moyo wa mnyama, wala hakimo kwenye unga wa mahindi. Akiikosa muda mrefu macho hupofuka na moyo hulegea. Paka uliyemfungia nyumbani ukamlisha ugali na mchuzi, umemnyang'anya panya bila kumpa kitu badala yake.

Basi nimpe samaki peke yake?

Hapana, ingawa hapa pwani ndicho kinachopatikana kwa urahisi. Baadhi ya samaki wadogo wakiliwa wabichi huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, naye huanza kuyumba na kupata degedege. Kuwapika huondoa tatizo hilo. Samaki wa mafuta kila siku, miezi na miezi, humletea uvimbe wenye maumivu kwenye mafuta ya mwili. Maini matupu nayo humzidishia vitamini A mpaka mifupa ya shingo inakakamaa. Nyama tupu isiyo na mfupa humnyima mtoto madini ya chokaa, na miguu yake hupinda au kuvunjika. Kila kimoja ni kizuri, ila kisiwe hicho hicho tu.

Mimi hupika hivi. Dagaa wakavu nawaloweka kidogo na kumwaga maji ya kwanza ili chumvi na mchanga vitoke. Nawachemsha kwa maji machache pamoja na mioyo na firigisi za kuku, bila chumvi, bila kitunguu, bila pilipili. Mchuzi wake simwagi, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Dagaa huliwa mzima na miiba yake laini, basi na madini yanapatikana. Wali au ugali naweka kidogo tu, usizidi robo. Hata hivyo chakula cha kupika nyumbani ni vigumu kukamilika, kwa hiyo asubuhi nawapa chakula kikavu cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya paka. Paka wa kilo 4 akila hicho peke yake hutosheka na gramu 50 hadi 60 kwa siku. Na maji yawepo muda wote, sehemu zaidi ya moja, mbali na chakula.

Maziwa je? Na vitu gani ni sumu?

Paka wengi wakishakua hawawezi kusaga sukari ya maziwa, nao huharisha. Wape maji.

Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Chokoleti ni sumu. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vijiti vikali. Lakini linaloniumiza zaidi ni parasetamoli. Mtu anamwona paka wake ana homa, anamhurumia, anamsagia nusu kidonge kama anavyomfanyia mtoto. Ini la paka haliwezi kuiondoa dawa hiyo. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Vilevile dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini usimpake paka kamwe. Atatetemeka mpaka afe.

Binti yangu ana mimba. Tuwatoe paka?

Msiwatoe. Kinachoogopwa ni toksoplazima, kimelea ambacho paka hukitoa kwenye kinyesi, kwa kawaida kwa wiki mbili au tatu tu anapoambukizwa mara ya kwanza. Kinyesi kikitoka hakiambukizi papo hapo. Huchukua siku moja hadi tano. Kwa hiyo beseni la mchanga likisafishwa kila siku hatari hupungua sana. Asafishe mtu mwingine. Ikimlazimu yeye, avae glavu na kunawa kwa sabuni. Watu wengi huambukizwa kwa mishikaki isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri, na mama mjamzito ambaye paka wamehamishwa lakini anaendelea kula nyama mbichimbichi hajajikinga. Akienda kliniki amwambie mkunga kwamba nyumbani kuna paka.

Kuhusu mabeseni yenyewe: idadi ya paka, ongeza moja. Mchanga au maranda ya mbao yanafaa. Pasipo hayo watatumia tuta la mchicha na mchanga wanaochezea watoto, na minyoo itapita hapo.

Nywele za paka huleta pumu?

Nywele zenyewe hazina kosa. Ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi yake, ambayo hukaukia kwenye nywele na kupeperuka. Asiye na mzio haimdhuru. Mwenye pumu inayochochewa na paka inaweza kumbana kweli; paka wasiingie chumbani mwake wala kulala kitandani, na kama bado anabanwa, watafutiwe nyumba nyingine. Pumzi ya mtu inatangulia.

Chanjo na dawa za minyoo ni lazima?

Ndiyo. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na kwa binadamu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Paka huchanjwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Waulize ofisi ya mifugo ya kata, hasa kuelekea tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Minyoo: watoto tangu wiki ya tatu, kila wiki mbili mpaka waachishwe ziwa, wakubwa kila miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito. Ukiona vijipande kama punje za mchele mkiani, hao ni tegu, na mara nyingi wameletwa na viroboto. Tibuni vyote viwili.

Paka mgeni mtenge wiki mbili chumba chake. Kuna virusi vinavyoua watoto wa paka kwa kutapika na kuharisha, navyo hudumu ndani ya nyumba hadi mwaka. Sabuni peke yake haiviui. Osha kwanza, kisha tumia jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 30 na uache dakika 10.

Dume langu anachuchumaa kila mara, amefunga choo?

Nilidhani hivyo kwa shume wangu wa kwanza. Alikwenda mchangani, akachuchumaa, akalia sauti nzito, akatoka. Baada ya muda akarudi. Nikampa mafuta kidogo ya kulainisha tumbo. Mchanga ulikuwa mkavu kabisa, na sikuelewa maana yake. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Alikufa usiku wa pili. Dume anayejikamua bila mkojo kutoka apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo, usingoje kukuche.

Jike akizaa sana nifanye nini? Wengine hupeleka watoto soko la samaki.

Mtoto wa wiki nne aliyetupwa sokoni hapati samaki. Anapata magurudumu na mbwa. Sote tumesimuliwa tangu chuo cha Kurani ile hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ale wadudu wa ardhini. Kumtupa asiyeweza kujitafutia hakutofautiani sana na hilo.

Mfungishe kizazi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, hubeba miezi miwili, na anaweza kushika nyingine huku ananyonyesha. Tena hutaka dume kufuatana na urefu wa mchana. Ulaya hutulia majira ya baridi, lakini sisi karibu na Ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu wa kupumzika. Dume ahasiwe pia. Hupigana kidogo na hapotei usiku.

Nikikuletea mmoja utampokea?

Hapana. Sita ndio ninaoweza kuwatazama mmoja mmoja wanapokula, kuwanunulia chanjo, na kuwajua mkojo wao. Wa saba atanirudisha kwenye sinia. Mlete Jumamosi, nitakuonyesha namna ya kumfungua mdomo na kumpa dawa ya minyoo, nawe nitakupa kisahani. Kisha urudi naye.