Msimhamishie Kijana Texas kwa Sababu ya Makocha wa Vyuo

Kuna imani moja inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia zetu hapa Marekani, nayo ni kwamba makocha wa futiboli ya Kimarekani wa vyuo wanasajili Texas, Florida na California tu, na mtoto anayesoma sekondari kwingineko anapoteza muda. Wiki hii imenifikia tena. Mama mmoja wa Des Moines alinipigia. Mwanawe yuko darasa la kumi, ana mwili na ana bidii, na mjomba aliyeko Houston amewaambia wavunje mkataba wa nyumba wahamie huko kabla ya Agosti. Baada ya shikamoo na habari za watoto, akaniuliza, "Mwanangu, si makocha wote wako Texas?"

Hapana, mama. Mimi mwenyewe ni kocha na siko Texas. Nafundisha watu wa laini ya mashambulizi, wale wazito wa mbele wanaowazuia walinzi wa timu pinzani, katika chuo cha daraja la kati, na eneo langu la kusajili ni Iowa, mashariki mwa Nebraska na Missouri ya upande wa Kansas City. Nalipwa kuzunguka huko. Kwa hiyo nikisikia hakuna kocha anayefika Iowa, uvumilivu unaniishia, maana kuna familia zilizouza samani kwa maneno hayo hayo kabla ya kumuuliza mtu yeyote anayefanya kazi hii.

Kila chuo kinagawa ramani. Kocha mmoja anapewa Dallas na vitongoji vyake, mwingine kusini mwa Florida, mwingine Ohio, mwingine jimbo la nyumbani. Hata vyuo vya daraja la juu kabisa vinaruhusiwa kutuma watu 11 tu kusajili nje ya chuo: kocha mkuu na wasaidizi 10. Texas peke yake ina zaidi ya shule 1,000 zinazocheza. Watu 11 hawawezi kuwaona vijana wote hao, na hawajaribu.

Tunachofanya ni kuuliza, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea. Wanadhani tunakaa jukwaani tukisubiri kushangazwa. Kijana anafika mezani kwangu kwa sababu kocha wake wa sekondari alinitumia jina, na mimi namwamini huyo kocha kwa kuwa vijana aliowahi kunipa walikuwa vile alivyosema. Halafu namuuliza swali ambalo kwangu ndilo muhimu kuliko yote: mwaka huu ni nani wa timu pinzani aliyewasumbua? Kocha anaweza kumsifia kijana wake kupita kiasi. Hana sababu ya kumsifia kijana aliyemfunga. Jina moja likitajwa na makocha wawili ambao timu zao zilimenyana naye, naenda kumtazama hata kama shule yake iko katikati ya mashamba ya mahindi.

Sasa fikiria kijana aliyehamia Texas mwezi wa saba. Kocha wake mpya hamjui. Wapinzani hawamjui. Kocha wa chuo mwenye eneo lile anampigia kocha wa sekondari aliyezoeana naye miaka mingi, na anapewa majina ya vijana waliokulia kwenye programu ile tangu darasa la saba. Wako ni mgeni, pengine wa tatu kwenye nafasi yake. Na anayemjua kweli, yule kocha wa Iowa aliyemwona akikua, mmemwacha nyuma bila hata kumuaga.

Kuna na sheria. UIL, chombo kinachosimamia michezo ya sekondari za umma Texas, kinataka mwanafunzi anayehamia ajaziwe fomu, na shule aliyotoka inaulizwa kama uhamisho ulikuwa wa kimichezo. Kamati ya wilaya ikiona alihama kwa ajili ya michezo, hachezi timu ya kwanza kwa angalau mwaka mmoja. Kwa kijana wa darasa la kumi na moja, mwaka huo ndio wenyewe. Florida imelegeza zaidi, lakini kulegezwa kwa sheria hakumpi mtu nafasi uwanjani.

Sisemi Texas si kitu. Mji wa Allen ulijenga uwanja wa sekondari wa watu 18,000 kwa dola milioni 60, ukafunguliwa mwaka 2012. Shule kubwa za huko zina mazoezi ya machipuko yenye pedi na helmeti, na kipindi hicho, kuanzia katikati ya Aprili hadi ndani ya Mei, ndicho makocha wa vyuo wanachozunguka. Ukienda Dallas mwezi wa tano unaona futiboli yenyewe. Ukienda Iowa mwezi huo hakuna atakayevaa helmeti. Hiyo faida ipo na siifichi. Lakini Texas ni nyingi: kuna shule ndogo za magharibi mwa jimbo zinazocheza futiboli ya watu sita kila upande, na ukimpeleka mwanao huko kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu, umemtoa mezani kwangu na hukumweka kwenye meza ya mwingine.

Huku kwetu tunawatazama kwa njia nyingine, na mimi naipenda njia hii kuliko mazoezi ya machipuko. Naenda kwenye mieleka. Nakaa karibu na mkeka nitazame nyonga na miguu. Mtu wa uzito mkubwa akisukumwa, je, anashusha makalio na kusogeza miguu kwa hatua fupi fupi, au anainuka kifua na kuegemea kwa mabega? Anayeinuka ataanguka chuoni, hata awe na pauni 300. Naenda pia kwenye riadha kuwaona warusha tufe na kisahani, kwa sababu mzunguko wa kurusha kisahani unaonyesha kama mtu mzito anaweza kugeuka bila kupoteza mizani. Tristan Wirfs alitoka Mount Vernon, mji mdogo hapa hapa Iowa. Alikuwa bingwa wa jimbo wa mieleka ya uzito wa juu, na wa tufe na kisahani pia. Akaenda Chuo Kikuu cha Iowa, na mwaka 2020 akachaguliwa wa 13 kwenye drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, ya NFL, ligi ya kulipwa. Hakuna aliyewaambia wazazi wake wahame.

Na waliozaliwa penye makocha wengi hawakuonekana wote. Khalil Mack alikulia Fort Pierce, Florida, jimbo ambalo kila chuo kikubwa kina mtu wake. Katika vyuo vya daraja la juu, kilichompa nafasi ni Buffalo, huko magharibi mwa jimbo la New York. Mwaka 2014 akawa wa tano kwenye drafti. Josh Allen, kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) wa NFL, ni wa Firebaugh, mji wa kilimo California. Alimaliza sekondari bila ofa, yaani ahadi ya nafasi na ufadhili, ya chuo cha daraja la kwanza, akaenda chuo cha miaka miwili cha Reedley, akawatumia makocha barua pepe kwa wingi, na Wyoming ndiyo ikamchukua. Upande wa pili, Marcus Mariota na Tua Tagovailoa wote walisoma Saint Louis School, Honolulu, katikati ya bahari. Oregon ilimpa Mariota ofa kabla hajaanza mechi hata moja kama kwotabeki wa kwanza wa shule yake, na mwaka 2014 akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Alabama ilivuka bahari kumfuata Tua.

Swali linaloninyima raha ni hili: kwa nini chuo kinaenda mahali fulani na si pengine? Tunapenda kusema kila eneo lina aina yake. Mabeki wa pembeni wenye kasi tukawatafute Miami, watu wa laini tuwatafute Wisconsin na Iowa, walinzi wenye asili ya Samoa na Tonga tuwatafute Utah na Hawaii. Kuna ukweli ndani yake. Mieleka ina nguvu huku, na Oregon isingeweza kujaza timu kwa vijana wa jimbo lake tu. Lakini sehemu kubwa ni mazoea. Kocha aliyenitangulia alikuwa na rafiki kwenye shule fulani, nami nikarithi namba za simu. Nebraska ilizoea kuvuna Texas ilipokuwa ikicheza huko kila msimu. Ilipohamia ligi ya Big Ten mwaka 2011, mlango ule ukawa mgumu, kwa kuwa mzazi wa Houston anataka kumwona mwanawe akicheza karibu. Vijana wa Texas walikuwa wale wale. Ratiba ndiyo iliyobadilika.

Jingine ambalo halisemwi kwenye semina za wazazi ni kwamba tunaigana. Kijana akipata ofa ya kwanza, simu kumi zinafuata ndani ya wiki, na wengi wanaopiga hawajatazama mechi yake nzima. Nyota za ubora anazopewa na tovuti za usajili zinapanda baada ya ofa, nasi tunazitaja nyota kama ushahidi. Nimekaa vikaoni nikaona hilo likitokea, na sijapata dawa yake. Sina uhakika pia na namna ninavyopima video ya kijana anayewaburuza wapinzani dhaifu. Kwenye futiboli ya watu wanane, inayochezwa na shule ndogo nyingi za Iowa na Nebraska, uwanja unabaki na nafasi tele, na kila mwenye mbio anaonekana malaika. Natumia muda wa riadha na vipimo vya mwili kujisahihisha: urefu bila viatu, mkono kutoka bega hadi ncha ya kidole cha kati. Hata hivyo sehemu ya uamuzi ni kubahatisha kwa mtu mwenye uzoefu.

Ya ofa nitayapitia haraka. Barua ya mwaliko wa kambi si ofa; mara nyingi ni tangazo la kambi ya kulipia. Ofa ya mdomo haimfungi mtu, si chuo wala kijana, mpaka makaratasi yasainiwe, na wengi husaini Desemba ya mwaka wa mwisho. Vyuo vya Division II (daraja la pili) vina thamani ya ufadhili kamili 36 tu, hugawanywa vipande vipande kwa wachezaji wengi. Division III havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Ukiambiwa "full", yaani ufadhili kamili, na chuo cha Division III, uliza ni pesa gani hizo.

Lakini kwa familia zetu, ramani haijamkwamisha kijana hata robo ya makaratasi ya shule yanavyomkwamisha. Hapa naomba msome polepole. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, inadai masomo ya msingi 16 yaliyoidhinishwa na GPA (wastani wa alama) ya angalau 2.3 kwa Division I, 2.2 kwa Division II. Kwa Division I, 10 kati ya hayo 16 lazima yakamilike kabla muhula wa saba, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, haujaanza, na 7 kati ya hayo 10 yawe Kiingereza, hesabu au sayansi. Mitihani ya SAT na ACT iliondolewa kwenye masharti hayo mwaka 2023, lakini masomo yalibaki. Kozi nyingi za kuwafundisha wageni Kiingereza hazihesabiwi, kwa hiyo kijana anaweza kupata A miaka miwili na bado akapungukiwa. Na saa inaanza kuhesabu darasa la tisa, popote lilipokuwa. Kama alilisoma kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa mtaala wa Kongo na kwa Kifaransa, NCAA inazitaka ripoti zile, na tafsiri zake. Kuzipata kutoka kambini kunachukua miezi. Anzeni akiwa darasa la kumi.

Kila mkihama, mnaongeza transkripti (ripoti rasmi ya masomo na alama) nyingine na mshauri wa masomo mwingine asiyemjua mtoto, na kozi moja au mbili zinaweza kukataliwa. Namjua kijana mzuri sana, mwepesi wa miguu, aliyepitia sekondari tatu katika majimbo matatu. Nilimtaka. Kocha wangu mkuu alimtaka. Tulipofungua makaratasi alikuwa na masomo ya msingi 11, na mwaka wa mwisho ulikuwa umeshaanza.

Kuna hali moja ambayo siwezi kuitetea wala kuipinga kwa moyo wote. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuhama na kucheza papo hapo bila kukaa nje msimu mzima, na vyuo vingi sasa vinajaza nafasi kwa watu wazima wa portali ya uhamisho, orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, kuliko vijana wa sekondari. Pengine kijana wa pembeni ataumia zaidi kwa hilo. Pengine atafaidika, kwa sababu anaweza kuanzia chini kama Josh Allen kisha apande. Hata sisi tuliomo kwenye kazi bado tunabishana.

Yule mama wa Des Moines nilimpa kazi hizi, nanyi zichukueni. Mwambieni kocha wa sekondari, ana kwa ana, kwamba kijana anataka kucheza chuo, na mumuulize anaongea na vyuo gani. Kijana aingie mieleka au riadha msimu huu. Mwoneni mshauri wa masomo na orodha ya kozi zilizoidhinishwa na NCAA kwa shule ile, mzipitie moja moja. Halafu kijana mwenyewe, si mzazi, aandike barua pepe kwa kocha wa chuo anayesajili eneo lenu. Jina la kocha huyo liko kwenye tovuti ya chuo. Aweke urefu na uzito wa kweli, transkripti, namba ya kocha wake, na mechi mbili nzima, moja wapo waliyofungwa.